MAMBO YA NYUMBANI: Bafu Kuukuu la Chuma

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya chombo ambacho nyumba nyingi hazinacho, nazo zilizo nacho mara nyingi hazijui kukitunza: lile bafu refu ambalo mtu huketi ndani yake akaoga. Wengi wetu twaoga kwa ndoo na kopo, wala hapana aibu katika jambo hilo. Ndoo moja ya lita 20 yamtosha mtu mzima, na bafu refu laweza kunywa lita 150. Walakini huku kwetu Kurasini nyumba nyingi za zamani zimebomolewa kupisha maghala na shughuli za bandari, na bafu likitoka katika nyumba ya namna hiyo laweza kupatikana kwa bei ya chuma chakavu. Mtu hulitazama, huona weupe wake umechujuka, husema, "Nitalipaka rangi, litakuwa jipya." Na afanye, illa afahamu kwanza ananunua kitu gani na atakipaka kwa njia gani, maana kazi hiyo imekwisha kuua watu.

Mabafu ni ya namna nyingi, lakini haya tuyaonayo sana ni matatu: la chuma cha kusubu, la bati zito la chuma, na la plastiki. Sumaku hushika mawili ya kwanza, la tatu haishiki. Ule weupe wa bafu la chuma si rangi, bali ni kioo kilichosagwa kikayeyushwa juu ya chuma katika tanuru ya moto wa nyuzi 800 hivi za sentigredi, kama zilivyofanywa sahani zile nyeupe zenye ukingo wa buluu walizokuwa wakilia bibi zetu. Basi mnunuzi afanye kama afanyavyo mama anunuapo chungu sokoni: agonge kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti nzito isiyoendelea. Kisha atazame tundu la kutolea maji, maana hapo ndipo maji hukaa, na kutu huanza hapo. Kioo kilichobanduka kidogo ukingoni ni kilema tu. Kutu iliyotoboa chuma ni maradhi, na bafu hilo sisi hatungelinunua hata kwa bei ya chai.

Uzito nao ukumbukwe. Bafu la chuma cha kusubu laweza kufika kilo 150, na maji kilo 150 tena, na mwogaji juu yake. Sakafu ya saruji iliyo juu ya ardhi hustahimili. Nyumba ya ghorofa, aulizwe fundi kwanza.

Kutengeneza kwenyewe si kugumu, bali kwataka subira. Palipobanduka pasuguliwe kwa msasa hata kutu yote itoke, paoshwe, pakaushwe kabisa, ndipo pazibwe kwa gundi ngumu ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Msasa uwe wa maji, usiwe mkavu, maana kioo cha mabafu ya kale huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo. Magamba meupe ya maji ya visima vya chumvi yatolewe kwa siki au ndimu, kisha pasuuzwe upesi. Asimwage mtu maji ya betri. Yatakula kioo chenyewe, pamoja na mikono yake.

Sasa twafika penye hatari. Bafu likiwa limekwisha kupakwa rangi zamani, mafundi wengine hupaka dawa ya kubandua rangi ile ya kwanza. Baadhi ya dawa hizo zina kitu kiitwacho methileni kloridi, au diklorometani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi dirishani. Hutuama ndani ya bafu kama maji, na fundi huinama humo kichwa chake kikiwa katika mvuke huo. Hulevuka, huanguka, na moyo huweza kusimama. Katika nchi ya Marekani walihesabiwa watu 13 waliokufa hivyo kati ya mwaka 2000 na 2011, wote wakitengeneza mabafu. Mwaka 2019 serikali ya huko ilikataza dawa hiyo ya kubandua rangi isiuzwe kwa watu wa majumbani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Basi kabla fundi hajafungua kopo, msome maandishi yake pamoja, na likiwa na jina moja la hayo mawili, mrudisheni dukani. Msasa wa maji na jasho vyatosha, na bafu litolewe nje, chini ya mwembe.

Rangi mpya nayo ni ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha, na mvuke wa baadhi ya dawa hizo huamsha pumu. Kama bafu halitoleki nje, watoto na wazee walale kwa jirani mpaka harufu iishe. Rangi ikikauka isiguswe na maji kwa siku zile zilizoandikwa koponi, wala isisuguliwe kwa mchanga au jivu. Haitakuwa ngumu kama kile kioo cha tanuruni.

Tena wengi hulitumia bafu kuwekea akiba, maji ya bomba yakikatika. Shauri jema, lakini mbu wa homa ya dengi, iliyotusumbua hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji safi yaliyotulia, na yai lake huwa mbu kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Lifunikwe, na kila juma limwagwe na kusuguliwa kuta zake. Mlango wa chumba ufungwe pia, maana mtoto atambaaye huzama katika maji machache sana.

Na lile lililopasuka, ambalo mmekwisha kulinunua? Liwekeni uani, mpande maua, na kizibo chake mkitupe, maji ya mvua yapate njia.