Wimbo wa Bure Tunaulipia Kila Siku

Siku hizi muziki ni bure. Kauli hii utaisikia kwa makanga wa matatu ya Kiembeni, kwa kijana wa boda, kwa mwalimu wa sekondari, hata kwa msanii mwenyewe aliyekwisha kata tamaa. Nyuma yake hufuata ya pili: mwananchi wa kawaida hana pesa za kununua nyimbo, kwa hivyo kumtaka alipe ni kumwonea. Zote mbili si kweli. Mwananchi wa kawaida analipia muziki kila uchao, na pengine anatoa zaidi ya alivyotoa babake enzi za kanda. Anayetoka mikono mitupu ni mwimbaji tu.

Twende dukani tukaone. Kiembeni, kama mitaa mingine ya Kisauni hapa Mombasa, haikosi kijiduka cha kutilia filamu na nyimbo: kompyuta moja, spika mbili zimeelekezwa barabarani, picha za filamu za Kihindi zimebandikwa mlangoni, na kijana amekalia kiti kilichotoka sponji. Mama mmoja anafungua ncha ya leso, anatoa flashi.

"Nitilie za Bhalo, zile za zamani. Na kaswida. Na za Rose Muhando, jirani yangu kanituma."

"Nitie ngapi, mamangu?"

"Mpaka ijae."

Flashi inajaa, mama anatoa shilingi mia mbili, anaaga. Hapo bure iko wapi? Ile mia mbili ina kodi ya chumba ndani yake, ina stima, ina bando la kupakulia, ina leseni ya kaunti, na mwisho ina unga wa kijana. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyetutoka mwaka 2014, hana fungu humo, wala warithi wake. Kijana simtukani. Kutafuta nyimbo, kuzipanga na kujua mama wa makamo ataka nini ni kazi, na kazi ina ujira. Ila tusidanganyane kwamba mama yule hakununua muziki. Amenunua, tena taslimu, kwa mtu ambaye mali si yake.

Anayejipakulia mwenyewe kwa simu ndiye hujiona mjanja zaidi. Tumpigie hesabu. Wimbo wa dakika nne kwa mp3 ya kawaida una takriban MB 4, na ukiutaka kwa sauti safi unakaribia MB 10. Vijana wengi lakini hata hawapakui, wanautazama YouTube, na video ya dakika nne hata kwa picha ya wastani hula baina ya MB 15 na 30. Autazame mara moja kila siku kwa mwezi mzima (na wimbo uliomshika mtu hautazamwi mara moja kwa siku) tayari ameteketeza MB 450 hadi 900 kwa wimbo mmoja. Bando hilo hakupewa sadaka. Tena kila bando limebeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliuteremsha kutoka asilimia 20, na VAT ya asilimia 16. Kampuni ya simu imekula, Hazina ya Kitaifa imekula, aliyeunda simu alikula siku ile ile iliponunuliwa. Halafu tunamgeukia mwimbaji tunamwambia muziki siku hizi ni bure!

Hata tovuti za kupakua bila malipo si za kujitolea. Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013, inagawa nyimbo kwa msikilizaji bila kumtoza na kujilipa kwa matangazo, na angalau yenyewe hugawana mapato na wasanii. Mwaka 2020 iliorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq First North kule Denmark. Yaani kuna watu Copenhagen walioweka akiba zao kwenye nyimbo ambazo sisi tunasema hazina bei. Tovuti za wizi nazo zina matangazo vile vile, ya kamari na ya mambo yasiyosemeka mbele ya watoto, ila zenyewe hazigawani na mtu.

Mfano unaonichekesha kuliko yote ni Skiza. Mtu analipa Safaricom karibu shilingi moja na nusu kwa siku ili anayempigia simu asikie wimbo badala ya mlio. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya shilingi 500 kwa wimbo mmoja, ambao mlipaji mwenyewe hausikii! Anausikia bosi, anausikia mdeni wake, anausikia mama mkwe. Mtu huyo huyo umwambie wimbo unauzwa shilingi hamsini, auchukue uwe wake maisha, atakwambia uchumi mbaya. Na kwa miaka mingi wasanii walilalamika kuwa sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ikiishia kwa kampuni na madalali. Ilibidi Bunge lipitishe Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 ili msanii apate angalau asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Kumbuka ilichukua sheria kumpa mwenye wimbo zaidi ya nusu ya pesa za wimbo wake.

Sasa tuje kwenye umaskini, maana huko ndiko watu hukimbilia. Pwani hii haijawahi kuwa tajiri, na ilinunua muziki. Miaka ya kanda, duka la Mbwana Radio Service hapa Mombasa lilikuwa likiuza taarab ya Bhalo, ya Zuhura Swaleh na ya Maulidi Juma, na wanunuzi walikuwa makuli wa bandarini, mayaya na wauza samaki. Sisemi wauza kanda walikuwa mawalii. Malalamiko ya wasanii dhidi ya wafanyabiashara ni ya zamani kuliko intaneti. Nasema tu kwamba mkono wa mnunuzi ulikuwa ukitoa. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, vijana wa huku huku Pwani, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ilitoka mwaka 1982, na kufikia 1987 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya 200,000. Utaniambia walionunua ni watalii. Wengine ndiyo, wengine walikuwa wenyeji. Lakini mtalii wa leo naye amekaa kwenye kitanda cha hoteli pale Bamburi akiisikiliza kwenye simu, hanunui chochote akarudi nacho kwao, na hatusemi mtalii ni maskini.

Wala hatuhitaji kurudi nyuma hivyo. Nenda harusini Jumamosi hii. Taarab ikikolea utawaona kina mama wanainuka mmoja mmoja, noti mkononi, wanakwenda kwa madaha hadi jukwaani, wanamtuza mwimbaji: hamsini, mia, mia mbili, na mwenye kutaka jirani yake aumie roho hutoa elfu. Mama aliyetuza mia tatu usiku ndiye atakayesema asubuhi kwamba kulipia wimbo ni dhuluma. Pesa anazo, na moyo wa kutoa anao. Kilichomtoka ni sura ya wa kumpa. Harusini anamtazama mwimbaji usoni. Kwenye flashi anaona orodha ya majina ya faili, mengine yameandikwa "Track 07".

Kuna utetezi mwingine, huu wa watu waliosoma kidogo: wimbo ukienea bure humpa msanii jina, na jina litamlipa kwa maonyesho. Nimeuchoka. Kwanza, maonyesho yenyewe ni yapi? Mwanamuziki wa Kisauni anategemea mahoteli, ambayo msimu ukiisha hufunga milango, na wanasiasa, ambao msimu wao ni miaka mitano mara moja. Matokeo yake tunayasikia kila kampeni: kijana mwenye kipawa anachukua wimbo wake mwenyewe, anang'oa jina la msichana, anapachika la mheshimiwa. Huyo ndiye mteja pekee aliyebaki anayelipa moja kwa moja. Tukilalamika kwamba nyimbo zetu zimejaa sifa za wagombea, tujiulize nani mwingine alitoa pesa.

Pili, na hili huzungumzwa kidogo, jina halimlipi kila aliyeutengeneza wimbo. Katika taarab ya huku mtunzi mara nyingi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine. Beti nyingi alizoziimba Bhalo zilitoka kwa jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir. Mshairi hapandi jukwaani wala hatuzwi. Kadhalika mpiga fidla, mtengeneza midundo katika studio ya chumba kimoja kule Mtopanga, na mwimbaji aliyekwisha zeeka au kuugua. Hao wote nakala inayouzwa ndiyo mshahara wao. Ukiifuta nakala ukabakisha onyesho, umemwambia kila mmoja wao kwamba kazi yake haihesabiki mpaka aweze kucheza dansi.

Tatu, jina bila mkataba hugeuka mali ya wengine. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M. Dunia nzima inaujua. Na bado hadi kesho watu wanabishana kama ni wa Fadhili William au wa Lucas Tututu, mtu wa Mombasa, au wa mwingine. Umaarufu ulipita hapa Pwani kwa kishindo, na fedha zikashukia kwingine.

Wenye hekima ya mjini watasema: basi tujiunge na Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, mambo yaishe. Si mbaya, ni bora kuliko tovuti ya wizi. Lakini tusijisifu tumelipa. Kwa ukarimu wote, tukadirie kila mara wimbo unaposikilizwa msanii hupata kama senti 40 za Kenya. Shilingi hamsini za nakala moja atazipata baada ya wimbo huo kusikilizwa mara 125. Na tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12. YouTube nayo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka kabla ya kumgawia mtu matangazo. Kwa nyota wa Nairobi au Dar es Salaam hivyo ni vizingiti vya kuruka usingizini. Kwa kijana wa Kiembeni mwenye mashabiki mia tatu waaminifu ni ukuta. Mia tatu hao wakinunua wimbo kwa shilingi hamsini kila mmoja, amepata 15,000, amelipa studio na chenji imebaki. Wakisikiliza mtandaoni mara mbili mbili, ametoka kapa.

Na asinijie mtu na habari za vyama vya kukusanya mirabaha, kwamba matatu na baa zinalipa leseni, kwa hivyo msanii keshapata chake. Julai 2019 wanachama wa kimojawapo, MCSK, walitumiwa shilingi 2,530 kila mmoja. Wakubwa kwa wadogo, kiwango kimoja, kana kwamba wote waliimba wimbo mmoja siku moja. Vyama hivyo vitengenezwe, kabisa, na Bodi ya Hakimiliki iache kulala. Ila ni upuuzi kungoja ofisi ya Nairobi imfikishie mtu pesa wakati mnakaa naye mtaa mmoja.

Kutuma shilingi 100 kushuka chini kwa M-Pesa hakuna ada. Hamsini inayotoka Kiembeni inafika ikiwa hamsini, kwa sekunde chache, na faili inarudi kwa WhatsApp. Hakuna nchi nyingi duniani ambako kumlipa mwimbaji mkononi ni rahisi namna hii, na sisi ndio tunaosema haiwezekani.

Kwa hivyo ninyi wasanii wa Kisauni, wekeni bei. Andikeni namba ya kulipia mwanzoni mwa video, si mwishoni ambako hakuna anayefika, na wimbo mpya ukae wiki mbili ukiuzwa kabla ya kuutupa mtandaoni. Wewe kijana wa duka la flashi, chukua nyimbo za wasanii wa mtaani kwako kwa makubaliano, uza hamsini, bakisha ishirini, mtumie mwenyewe thelathini jioni hiyo hiyo. Hasara huna, maana bando la kuzitafuta umeokoa. Nawe msomaji uliyeshiba taarab ya watu miaka yote hii, mtafute mwimbaji mmoja wa karibu nawe kabla ya Ijumaa, umuulize anauza kwa kiasi gani. Usiombe upunguziwe.