Rebmann alipita njia ya wenyewe

Moshi kuna hadithi iliyokaririwa mpaka imekuwa kama kiapo: kwamba Kilimanjaro ulijifungia ndani ya ukungu wake, Wachagga wakitunza migomba bila habari na dunia, hadi 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona na kuufungua. Ajabu ni kwamba hata wanaomchukia mkoloni huikubali, maana asili safi wanayoitetea nayo inahitaji mlima ambao haujawahi kuguswa na mtu. Wote wangefunua sufuria kwanza.

Humo wangekuta kiburu, chakula kisichotiliwa shaka kuwa ni cha Kichagga. Ndizi zake asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, nazo zilifika Afrika karne nyingi kabla ya Mreno. Maharage yake ni ya Amerika. Yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492, kama yalivyovuka mahindi na muhogo. Watu wa pwani waliyaita mahindi kwa jina la Uhindi, kumbe kwao ni Mexico. Mlimani, wageni hawa walipangiwa nafasi na mwenye shamba: maharage chini ya migomba kihambani, yaani shamba la nyumbani, mahindi kwenye shamba la tambarare, huku maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yakigawanywa kwa zamu. Mbegu haiji na maelekezo. Kuna mtu aliyeijaribu, akapoteza msimu au miwili, akajua inapenda udongo gani.

Nitaambiwa, basi tumshukuru Mreno kwa mbegu hizo. Mreno alianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, akang'olewa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Alituachia maneno meza, bendera, leso na, kwa bahati mbaya, gereza. Lakini himaya yake ilikuwa ya bandari. Kilimanjaro hakuwahi kuweka hata askari mmoja. Merikebu ilifikisha mbegu ufukweni, na kutoka hapo ilipanda bara kwa migongo ya watu, soko kwa soko. Wala habari hazikwenda upande mmoja tu: mwaka 1519 kitabu cha jiografia cha Mhispania Fernández de Enciso, kilichochapwa Seville, kilitaja mlima mrefu sana magharibi ya Mombasa. Hakuwahi kufika huku. Kuna waliousimulia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hatuna daftari linaloonyesha harage la kwanza lilipandwa mwaka gani, na kwamba biashara yenyewe haikuwa ya kusifiwa. La pili nalikubali lote: njia iliyopitisha shanga na nguo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba, na baadaye bunduki zilizowachochea wamangi, watawala wa Kichagga, kupigana wao kwa wao. Kuwa na njia si sawa na kuwa na heri. Ila la daftari halinitishi. Wakulima hawakuandika, na mazao yao yapo. Hata mjini Moshi, mtaa wa Njoro ya Dobi unabeba neno dobi, lililotoka Bara Hindi, na anayelitamka kila siku hahitaji cheti cha kuingia kwake.

Na tumsome Rebmann mwenyewe. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia hiyo kabla yake, na mlimani walikuta watu wa pwani wamekwisha kukaa. Alipouliza kile cheupe kileleni ni nini, aliyekuwa akimwongoza alimjibu kwa neno moja: baridi. Huko London mwanajiografia Cooley, ambaye hakuwa ametoka mezani kwake, aliendelea kwa miaka kubisha kwamba theluji haiwezekani karibu na ikweta. Mmisionari alikuwa amekuja na mwavuli tu, njia aliikuta.