Foleni ya Malaba na Mlima wa Kakapel

Sisi watu wa Mombasa tukifika Malaba huona foleni ya malori na mpaka wa Uganda, basi. Safari hii, badala ya kuketi mkahawani nikiilaani forodha, nilikwenda Kakapel, upande wa Teso, nikavikwea vilima vya Chelelemuk kwa miguu. Jabalini mna michoro ya kale, maduara na ng'ombe. Waliochimbua hapo walitangaza mwaka 2024 kuwa wameona kunde za miaka 2,300, na wimbi, yaani ulezi, wa miaka 1,000. Nasi twadhani ukale ni wa Gedi na Lamu tu!

Kwa wimbi hilo Wateso hupika pombe yao, ajon, wakakizunguka chungu na mirija mirefu. Mwenyeji mmoja alinikaribisha. Nikamtaka radhi kwa dini yangu. Hakununa. Alinitengea kiti mbali, chini ya mwembe, akaniletea uji wa wimbi lile lile, nikanywa kwa bismillahi. Wako watakaoniuliza, Muislamu na mji wa pombe wapi na wapi? Nafaka ina kosa gani?

Madereva wetu hulala mpakani siku mbili tatu wakingoja karatasi. Kakapel si mbali.