Baba, Mabinti na Bendi ya Fremont

Kila mmoja wetu amekwisha kumsikia mzazi mwenzake akisema mbele ya wageni: «Huyu wangu atakuwa mganga wa hospitali,» au «Huyu atapiga gitaa mpaka ajulikane Ulaya,» na huku mtoto mwenyewe ameketi kando, akichora mchangani, wala hakuulizwa neno. Juma hili nataka tumtazame baba mmoja wa Marekani aliyefanya hivyo kwa nguvu zake zote. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, nasi twaweza kuzifuata tangu mwanzo hata mwisho.

Fremont ni mji mdogo katika jimbo la New Hampshire. Siku zile wakaaji wake walipata kama elfu moja tu. Huko alikaa Austin Wiggin, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika mji jirani wa Exeter. Alipokuwa kijana, mama yake alimsomea kiganja cha mkono, akamtabiria mambo matatu: ataoa mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu nyekundu, atapata wana wawili wa kiume ambao yeye nyanya yao hatawaona, na mabinti zake watakuwa kundi la muziki lenye sifa. (Nasi tulidhani kuamini waaguzi ni jambo la vijiji vyetu tu!) Mambo mawili ya kwanza yalipotimia, Austin akasadiki ya kuwa la tatu haliwezi kukosa, akaazimu kulitimiza kwa mikono yake.

Basi aliwatoa mabinti zake shuleni. Dot na Betty akawapa magitaa, Helen akampa ngoma, akawalipia masomo ya kupiga na ya kuimba kwa mshahara ule wa kiwandani. Masomo mengine waliyapata nyumbani, kwa vitabu vilivyoletwa na posta. Siku yao ilipangwa kama siku ya askari: asubuhi mazoezi ya muziki, alasiri tena, jioni baba arudipo kazini kupiga mbele yake, na mara nyingine mazoezi ya viungo kabla ya kulala. Kwenda kutembea na rafiki, kucheza na wenzao, hayo hayakuwa na nafasi. Bendi yenyewe ikaitwa The Shaggs.

Mwaka 1968 walipanda jukwaani mara ya kwanza, katika mashindano ya vipaji huko Exeter. Watu wakawazomea na kuwatupia mikebe ya vinywaji. Mzazi mwingine angalisema yatosha. Austin aliwaambia waongeze mazoezi. Kisha akapata ruhusa ya kutumia ukumbi wa mji wa Fremont kila Jumamosi usiku, na jamaa nzima ikasaidia kazi. Vijana walifika kucheza dansi, kwa kuwa mjini hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Baadhi yao walifika ili kucheka. Mabinti wakapiga juma kwa juma, miaka hata mitano.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1969 baba aliwapeleka Revere, karibu na Boston, katika chumba cha kunasia sauti, ili watengeneze santuri. Mafundi waliona mara moja ya kuwa wasichana hawajawa tayari, lakini baba hakukubali kungoja. Na kweli, mtu aisikiapo santuri ile, iitwayo Philosophy of the World, hushtuka. Ngoma yaenda njia yake na magitaa yaenda njia yao. Sauti ya mwimbaji yafuata maneno silabi kwa silabi, bila kujali kipimo. Yasimuliwa ya kuwa wasichana walisimama katikati ya wimbo wakisema mmoja wao amekosea, na mafundi wakatazamana: wamejuaje?

Zilipigwa chapa nakala elfu moja. Mia tisa zikapotea, na yule aliyepewa kazi ya kuzitoa hakuonekana tena. Fedha za kiwanda cha nguo zikaenda hivyo.

Katika santuri ile mna wimbo uitwao Who Are Parents?, yaani «Wazazi ni nani?» Ulitungwa na Dot, aliyetunga nyimbo zao. Wawashauri watoto wanaodhani wazazi wao ni wakali kwa sababu ya amri zao, na kusema ya kuwa wazazi ndio wanaotujali siku zote. Nimeusikiliza mara nyingi. Siwezi kuamua kama binti yule aliandika lililokuwa moyoni mwake, au lile alilojua baba atapenda kulisikia. Labda yeye mwenyewe hakuyatenga mawili hayo. Wala sipendi kumwita Austin mzazi mbaya. Hakunywa mshahara wake. Aliutumia wote kwa watoto. Lakini Helen, mkubwa wao, alipoolewa, aliolewa kwa siri, akaendelea kukaa nyumbani kwa baba kwa kuwa aliogopa kumwambia. Mtu mzima, aliyekwisha kupita miaka ishirini na mitano, na mume wake yuko kwingine! Baba angalijiuliza: binti yangu anaogopa nini?

Mwaka 1973 dansi za ukumbini zilikomeshwa. Mwaka 1975 Austin akafa ghafula kwa ugonjwa wa moyo, na bendi ikafa pamoja naye. Mabinti hawakukutana kujadiliana. Waliweka vyombo chini, wakashika kazi za kawaida na kulea watoto.

Sifa zilifika walipokwisha kuacha. Wanamuziki wa bendi nyingine, NRBQ, waliisikia santuri ile, wakaipenda, na mwaka 1980 ikatolewa tena. Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, naye mtoto wa mji mdogo, aliiandika katika orodha ya santuri alizozipenda kupita zote. Mwaka 2011 mchezo wa kuigiza juu ya maisha yao ulionyeshwa New York. Wengine wasifu kwa moyo, wengine kwa mzaha, na mara nyingi ni vigumu kuwatofautisha. Dada wenyewe walistaajabu, kwa maana walipozisikiliza nyimbo zile waliyasikia makosa.

Helen alifariki mwaka 2006. Mwaka 2017 Dot na Betty waliimba tena huko North Adams, Massachusetts, mbele ya watu wengi waliokuja kwa ajili yao. Nyuma yao walisimama wanamuziki stadi, ambao iliwabidi kufanya mazoezi marefu ili wapate kupiga ngoma na magitaa kwa mpotoko uleule wa mwaka 1969.