Kujitolea Hakukuja Nyeri kwa Ndege

Mwandishi anayedai kuwa vijana wa Nyeri na Karatina hujifunza kujitolea pale vilabu vya huduma vinapowapeleka ng'ambo amekosea. Kabla ya klabu yoyote kufika huku, wanawake walilimiana mashamba kwa zamu, kwa ngwatio. Ni kweli kwamba Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alikwenda kusoma Kansas, Marekani, mwaka 1960. Alirudi na elimu ya biolojia, ndiyo. Lakini Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti aliyoianzisha mwaka 1977, ilisimama kwa vikundi vya akina mama wa vijijini waliotunza vitalu vya miche. Safari sizipingi. Ninachokataa ni kijana kwenda kujitolea Ulaya ilhali kikundi cha maji cha kwao hakijawahi kumwona. Klabu imuulize hilo kabla ya kumkatia tiketi.