Sheria Si Mali ya Mawakili Peke Yao

Afikaye Tabaka huliona jiwe kabla ya kumwona mtu. Jiwe la sabuni hutoka machimboni likiwa bonge, likapita mikononi mwa mchongaji, kisha mikononi mwa wanawake walisuguao kwa msasa na maji mpaka liteleze. Hapana mtu hapa asemaye kwamba jiwe ni mali ya bingwa peke yake. Mtoto hujifunza kulishika angali mdogo, naye huharibu vipande vingi kabla ya kutoa kimoja cha kuuzwa. Lakini watu hao hao, ukiwatajia sheria, hujibu kwa sauti moja: "Hilo ni jambo la mawakili." Neno hilo ndilo nililokusudia kulipinga, kwa kuwa limewatoa watu wengi mashambani mwao.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja niliyepata kumfundisha alikwenda mjini kujifunza kazi katika shirika lisilotafuta faida, lililojitangaza kuwa mwalimu wa sheria na mtetezi wa wanyonge. Ukoo wote ulifurahi. Alikaa huko miezi mitatu, akarudi na cheti chenye muhuri. Haikupita wiki, jirani yake mjane alimjia akilia. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kupima shamba la marehemu na kugawana michai, naye ameambiwa arudi kwao. Kijana alinyamaza. Miezi mitatu alikuwa amepanga viti vya mikutano, ameandika majina ya waliohudhuria, na amechukua chai kwa wakubwa. Sheria yenyewe hakuna aliyemfundisha.

Alipaswa kumwambia nini? Si jambo la siri. Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Humpa mjane haki ya kukaa na kutumia mali ya mumewe, wala haimbagui mtoto wa kike na wa kiume. Tena husema kwamba anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ametenda kosa la jinai, adhabu yake faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjane yule alihitaji cheti cha kifo, barua ya chifu yenye kuwataja warithi wote, na hati ya uchunguzi wa shamba kutoka ofisi ya ardhi. Angeweza pia kuomba zuio liwekwe katika daftari la ardhi, ili shamba lisiuzwe kabla ya shauri kusikilizwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyajua haya yote kwa siku mbili. Mashirika yanayomweka kijana miezi mitatu bila kumfunza hata hayo yamemtumia tu, na wazazi tunaoshangilia muhuri bila kuuliza maswali tumesaidia katika dhuluma hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba elimu nusu ni hatari. Nakubali kwamba mwanagenzi si wakili. Asijifanye wakili, wala asipokee ada ya kusimama mahakamani. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yenyewe inawatambua wasaidizi wa sheria waliofunzwa na kuidhinishwa, na inataka wananchi waelimishwe. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimewafunza hata wafungwa katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, wakawasaidia wenzao kuandaa rufani. Ikiwa mfungwa aliye nyuma ya kuta anaweza kujifunza sheria akamfaa mwenziwe, ni aibu gani kusema kwamba kijana huru wa Tabaka hawezi!

Wengine husema wazee wanatosha. Nawaheshimu abagaka wetu. Wamepatanisha nyumba nyingi, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, imezipa nafasi njia za jadi za kusuluhisha magomvi. Lakini ibara hiyo hiyo imeziwekea mpaka: zisivunje haki za binadamu wala zisiipinge Katiba. Nani atawakumbusha wazee mpaka huo, ikiwa vijana waliosoma hawaujui?

Tena liko jambo la nauli, ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Shirika linalodai kutetea maskini, kisha likapokea wanagenzi bila malipo wala nauli, limefunga mlango mbele ya watoto wa maskini. Atakayeingia ni yule ambaye baba yake ana nyumba mjini. Huyo ndiye atakayeandika kesho mipango ya haki za wajane na wachongaji, naye hajapata kuona mchongaji akikopwa kazi yake na mchuuzi asiyerudi. Hajui kwamba kwa deni la namna hiyo, lisilozidi shilingi 1,000,000, sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo imetakiwa kuamua shauri katika siku 60. Au analijua, lakini hana wa kumwambia.

Msidhani ujinga wa sheria hula mashamba tu. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti hii yetu ya Kisii, umati uliwaua wanawake wazee wanne kwa kuwatuhumu uchawi. Katiba husema kila mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuandikwa miaka 11. Yalikaa kitabuni, wazee wakafa. Sidai kwamba somo moja lingewazuia wauaji wote. Nasema kwamba umati huanza na watu wachache, na mtu mmoja anayejua na kuthubutu kusema, mapema, aweza kuuvunja.

Basi ninyi mnaosoma, wengi wenu mtatafuta nafasi za kujifunza kazi. Mkipata shirika la sheria, ulizeni siku ya kwanza: Nitafundishwa nini? Nitamhudumia nani? Nitarudi kwetu na nini? Mkipewa viti vya kupanga, vipangeni, maana kazi haina aibu; lakini ombeni na kitabu. Kisha rudini. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini mnyonge hawezi kupewa haki na mtu asiyeijua, na wa kwanza kutoijua, mara nyingi, ni mnyonge mwenyewe.