Sare za Wanafunzi: Fedha ya Amana Hailipwi kwa Maneno

Kamati ya shule au madrasa inapoagiza sare 500 kwa mpigo, haitumii fedha yake. Inatumia shilingi za mkulima wa pamba, za mchimbaji mdogo na za mama muuza samaki, zilizokusanywa kidogo kidogo. Kwa hiyo kumchagua mwenye kiwanda cha kushona si suala la bei peke yake. Ni suala la amana, na amana ina Mwenyewe atakayeiulizia.

La kustaajabisha ni kwamba sisi watu wa Geita si wageni wa ukaguzi. Katika soko la dhahabu lililofunguliwa mjini kwetu Machi 2019, dhahabu hailipiwi kwa kutazamwa: hupimwa uzito, kisha hupimwa usafi. Mkulima naye anajua kuwa pamba safi na pamba fifi hazina bei moja. Vipi basi fedha ya watoto itolewe kwa picha nzuri na ulimi mtamu?

Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni hakutosheka na sura ya juu ya rundo la nafaka. Alitia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Nasi tufuate mwenendo huo.

Kwanza, kitambaa. Kamati ikate kipande cha sampuli cha sentimita 10 kwa 10, ikipime kwa mizani ya sonara. Kikiwa na gramu 2, kitambaa hicho kina gramu 200 kwa mita ya mraba. Mzigo ukija na gramu 150, tumepunjwa hata kama rangi ni ile ile. Kipande kingine cha sentimita 50 kifuliwe na kukaushwa mara tatu. Kikirudi na sentimita 47, kimesinyaa kwa asilimia 6, na gauni la binti lililotosha sitara halitatosha tena. Uzi nao uchomwe: wa pamba huacha majivu laini, wa polista huyeyuka ukawa kijiwe kigumu.

Pili, kiwanda chenyewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri wa Mwanza hangoji tena kivuko, basi wajumbe waende wakaone. Wahesabu mafundi. Mafundi 10, kila mmoja akishona sare 4 kwa siku, watahitaji siku 13 kumaliza sare 500. Anayeahidi siku tano ama anasema asiloliweza, ama atampa kazi mtu mwingine tusiyemjua. Wawaulize wateja waliotangulia. Watazame pia kama mafundi hulipwa kwa wakati na kama milango ya kutokea iko wazi. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliwaangukia washonaji, wakafa zaidi ya 1,100. Bei ya chini iliyopatikana kwa kumdhulumu fundi si baraka.

Tatu, mkataba. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliridhia mkataba wa kutengenezewa kitu, yaani istisnaa. Liliweka sharti kwamba aina, idadi, sifa na muda vijulikane, likaruhusu malipo ya awamu, na hata fidia ya kuchelewesha iliyokubaliwa na pande mbili, isipokuwa palipo na dharura. Basi hakuna ulazima wa kutanguliza fedha yote. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya mzigo kufunguliwa, kuhesabiwa na kulinganishwa na sampuli iliyotiwa saini.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumdhania vibaya ndugu Muislamu tunayesimama naye safu moja. Sivyo. Dhana mbaya ni kumtuhumu mtu bila ushahidi, bali ukaguzi humlinda fundi mwaminifu asipoteze kazi kwa sababu ya mjanja mwenye bei ya uongo. Tena humlinda mjumbe wa kamati na minong'ono ya waumini.

Shule hufunguliwa Januari, nao mtoto ambaye sare yake imechanika Machi hana mzazi wa kununua nyingine. Tunaziomba kamati zetu zianze mapema, na isitiwe saini yoyote kabla sampuli haijafuliwa.

Wabillahi tawfiiq.